Mihuri ya Mpira Juu ya Vyungu vya Maua

Chungu kidogo cha udongo kilichopambwa kwa mhuri wa mpira hupendeza siku ya kwanza. Kikishamwagiliwa majuma machache, rangi huvimba na kubanduka, na aliyekinunua huona amepunjwa. Rangi haina kosa. Udongo wa kuchoma hunywa maji, nayo hupenya kutoka ndani hadi nje yakiisukuma. Hivyo, ndugu msomaji, kazi huanzia ndani: paka vanishi isiyopitisha maji mara mbili, uache wazi tundu la chini, kisha chungu kikauke vyema.

Nje paka rangi ya akriliki. Wino wa mihuri ya ofisini ni wa karatasi, na mara nyingi tone la maji huufuta. Afadhali mhuri upakwe akriliki kidogo kwa sifongo. Chungu ni mviringo, basi mhuri wenye mgongo wa mbao hugusa katikati tu. Tumia mpira mwembamba, uuviringishe toka ukingo hadi ukingo pasipo kuuburuta. Kandambili kuukuu iliyochongwa ua au nyota yatosha (wembe ashike mtu mzima). Mhuri uoshwe papo hapo. Akriliki ikishakauka haitoki kwa maji.