Aya Moja, Shule Tatu: Mipaka ya Kipande cha Pamoja

Chukulia kikundi cha wanafunzi wa ualimu hapa Morogoro kinaandaa mwongozo wa mazoezi ya kufundisha kwa wenzao watakaopangiwa Mgeta, Kinole na Matombo. Miongozo ni mitatu, ila nusu ya maneno ni yaleyale: kujitambulisha kwa mkuu wa shule, andalio la somo, namba ya mratibu. Wengi wetu tungekopi na kupesti, basi. Mratibu akibadili namba, mwongozo mmoja unasahaulika, na anayeumia ni mwenzetu aliyeko huko mlimani anayepiga simu isiyopatikana.

XML, iliyoidhinishwa na W3C mwaka 1998, ina dawa ya hilo. Ni namna ya kuandika waraka ambamo kila sehemu inafungwa kwa alama: hiki kichwa, hii aya, hii hatua. (Hata faili lako la .docx ni XML kwa ndani. Nakili faili, badilisha mwisho wa jina la nakala uwe .zip, lifungue, utajionea.) Kwenye programu kama Oxygen au XMLmind unaandika aya mara moja, unaipa kitambulisho, kisha kila mwongozo unaelekeza kwenye aya hiyo badala ya kuinakili. Ukirekebisha chanzo, miongozo yote imerekebika.

Tamu hiyo. Kasheshe inaanza unapotaka kubadili neno moja tu kwa ajili ya Kinole. Kipande unakiona kwenye ukurasa lakini kwa kawaida hakihaririki hapo. Lazima ufungue chanzo, na ukigusa chanzo umegusa na Mgeta. Tena hukati nusu ya aya upendavyo: unachokiazima lazima kiwe kizima ndani ya alama zake, na kikubalike pale kinapokwenda. Hatua ya kwenye orodha haiingii katikati ya aya. Na ukileta kipande kilekile mara mbili kwenye waraka mmoja, kitambulisho kinaweza kujirudia, jambo ambalo kanuni za XML zinakataa.

Hayo unayazoea. Linalotubana sisi hasa ni Kiswahili chenyewe. Programu hizi hukuruhusu kuacha nafasi ndani ya kipande, kisha kila mwongozo ujaze neno lake. Kwa Kiingereza haina shida kubwa, maana neno la "yetu" halibadiliki. Sasa andika "Shule yetu imejengwa kando ya barabara, nayo hufunguliwa saa moja", halafu mwongozo wa wanaokwenda chuo cha ufundi ujaze "chuo". Unapata "Chuo yetu imejengwa". Neno moja limebadilika, lakini "yetu", "imejengwa" na "nayo" yote yalipaswa kulifuata. Ngeli ya M-WA ina nafuu: sekondari tunasema mkuu wa shule, msingi mwalimu mkuu, na "atakupokea" inasimama kwa wote wawili. Weka "walimu" hapo, imeharibika tena. Kwa hiyo nafasi ya kujaza iwe ya namba ya simu, tarehe au jina la mtu. Nomino ya kawaida iandike pamoja na sentensi yake nzima.

Halafu kuna maana. Kipande chenye "kama tulivyosema hapo juu" kikihamia mwongozo mwingine, huko juu hakuna kilichosemwa. Na aya ya mavazi je? Mgeta iko juu, kunalimwa mboga na baridi yake si ya mjini: beba sweta. Kinole na Matombo ziko upande wa mashariki wa Uluguru, unaopata mvua nyingi kutoka Bahari ya Hindi, hata miezi ambayo huku mjini tunakula vumbi. Huko mwavuli na viatu vya tope.

Unaweza kuwekea kila sentensi sharti, hii ya Mgeta tu, ile ya Kinole tu, programu ikachuja. Sentensi mbili sawa. Zikifika sita ndani ya aya moja, anayehariri hajui tena mwenzake wa Matombo atasoma nini. Aya ya mavazi mimi ningeiandika mara tatu, kila mwongozo na yake, na namba ya mratibu ibaki kipande cha pamoja.