Si joto pekee: Baridi kali nayo huharibu chanjo ya mtoto

MZAZI anayempeleka mtoto kliniki huona mambo mawili tu: sindano ikidungwa na tarehe ikiandikwa kwenye kijitabu. Nafasi zote za kijitabu zikishajazwa, moyo hutulia. Hata hivyo, kijitabu hicho hushuhudia tu kwamba mtoto alichanjwa. Hakisemi lolote kuhusu safari ya chanjo yenyewe, wala hakiwezi kusema iwapo dawa iliyokuwa ndani ya sindano ilikuwa ingali na nguvu ya kumkinga.

Safari hiyo ni ndefu kuliko wengi wetu tunavyodhani. Chanjo nyingi zinazotumika humu nchini hutengenezwa ng'ambo, hasa India. Zikishashushwa kwenye ndege jijini Nairobi, hupelekwa katika bohari kuu ya taifa iliyoko Kitengela, zikatoka hapo hadi kwenye maghala ya maeneo kama vile Kisumu, Eldoret, Garissa, Meru na Mombasa. Kutoka huko huchukuliwa na kaunti ndogo, kisha zahanati na vituo vya afya, na hatimaye huingizwa ndani ya kikasha ambacho muuguzi hukibeba begani au juu ya bodaboda hadi kijijini. Katika vituo hivyo vyote, nyingi kati ya chanjo hizo zinapaswa kukaa kati ya nyuzi 2 na nyuzi 8 za selisiasi, usiku na mchana, Jumapili na sikukuu. Wenzetu wa Tanzania huuita mpango huu mnyororo baridi, na sioni kwa nini nasi tusiuite hivyo, maana ni mnyororo kwelikweli: pete moja ikikatika, zilizobaki hazina kazi.

Wakenya wengi walisikia habari za mnyororo huu kwa mara ya kwanza mwaka wa 2021, wakati wa janga la corona, ilipotangazwa kwamba chanjo ya Pfizer ilihitaji majokofu maalum ya kufikia takriban nyuzi 70 chini ya sufuri. Nadhani hapo ndipo dhana moja potovu ilipozidi kukita mizizi, kwamba adui wa chanjo ni joto na kwamba kadiri baridi inavyozidi ndivyo dawa inavyosalimika. Kwa chanjo nyingi za watoto wetu, dhana hiyo ni hatari.

Tuchukue mfano wa karibuni. Kuanzia Julai 5 hadi Julai 14, 2025, Kenya iliendesha kampeni ya kitaifa ya kuchanja watoto. Chanjo ya pamoja ya surua na rubela ililenga watoto wa miezi 9 hadi miezi 59. Chanjo ya homa ya matumbo, ile ambayo tumezoea kuiita taifodi, ililenga wa miezi 9 hadi miaka 14, idadi inayokaribia milioni 19. Chanjo hizo mbili zilisafirishwa pamoja, ilhali hulka zake ni mbalimbali. Ya surua na rubela huja ikiwa poda kavu. Poda hiyo haidhuriki ikigandishwa. Kinachoiua ni joto na mwanga. Ile ya homa ya matumbo ni kimiminika, na ni mwiko kuigandisha. Muuguzi hakuwa na vikasha viwili vya kutenganisha wageni hawa. Alilazimika kuwapa wote baridi moja, isiyopungua wala kuzidi.

Kugandishwa hufanya nini? Chanjo kadhaa, zikiwemo ya pepopunda, ya homa ya ini aina ya B, ya nimonia na ile inayokinga magonjwa matano kwa sindano moja, huchanganywa na chumvi ya alumini ambayo huuamsha mwili uitikie vyema. Chembe za chumvi hiyo zimeshikana na dawa na kusambaa kote ndani ya maji. Maji yakiganda, chembe hukusanyika na kuwa madonge. Barafu ikiyeyuka, madonge hubaki, na dawa haiwezi tena kurejea hali yake ya awali. Mtoto akidungwa dawa hiyo, atalia na mkono utavimba kidogo kama kawaida, lakini huenda kinga isipatikane, au ikapatikana hafifu.

Ubaya ni kwamba kichupa chenyewe hakilalamiki. Kuna kibandiko kidogo kinachobandikwa kwenye vichupa vingi, chenye duara na ndani yake mraba. Kichupa kikikaa kwenye joto, mraba huo hubadilika rangi polepole, na ukifikia weusi wa duara au kuupita, dawa hutupwa. Kibandiko hicho, ambacho kilianza kutumika katika chanjo ya polio mwaka wa 1996, kimeokoa dawa nyingi na pia kimefichua nyingi zilizoharibika. Lakini hupima joto tu. Kichupa kilichoganda usiku kucha kitakuwa na mraba mweupe wa kupendeza asubuhi.

Kwa chanjo zenye alumini, wataalamu wana njia ya kubaini. Huchukua kichupa kimoja cha toleo lile lile, wakakigandisha makusudi hadi kiwe jiwe, kisha wakakiyeyusha. Kichupa hicho na kile kinachoshukiwa hutikiswa pamoja na kuwekwa mezani kando kwa kando. Kile kilichogandishwa mashapo yake hushuka haraka na kuacha maji maangavu juu. Iwapo kinachoshukiwa kitashuka kwa kasi ile ile, basi kimekwisha. Ni jaribio lisilohitaji maabara, bali subira na macho. Katika zahanati yenye muuguzi mmoja na foleni ya akina mama hamsini, subira hiyo itatoka wapi?

Wala tusidhani huu ni udhaifu wa nchi maskini. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka wa 2017 yalionyesha kwamba kwa wastani takriban theluthi moja ya chanjo zilizofuatiliwa zikiwa kwenye hifadhi zilikuwa zimekumbwa na baridi iliyopita kiasi, na nchi tajiri hazikuwa na nafuu ya maana.

Humu nchini, chanjo huganda kwa njia ambazo mtu akielezwa huona ni za kawaida kabisa. Ya kwanza ni kupotea kwa umeme. Stima ikikatika saa sita na kurejea jioni, mhudumu mwenye nia njema huzungusha kidhibiti cha jokofu hadi kwenye baridi ya juu kabisa ili kufidia saa zilizopotea. Kisha hufunga mlango na kwenda nyumbani. Usiku wa Julai kule Limuru au Nyandarua hauhitaji msaada wa jokofu, na kufikia alfajiri vichupa vilivyo karibu na ukuta wa barafu vimeganda. Ya pili ni kutumia jokofu la nyumbani, lile lililoundwa kwa ajili ya maziwa na mboga, ambalo baridi yake hutofautiana kutoka rafu moja hadi nyingine. Nimewahi kuingia katika kituo kimoja nikakuta chanjo zimepangwa kando ya chupa za soda. Sitakitaja, kwa sababu muuguzi aliyenifungulia mlango ndiye hasa aliyekuwa akiomba jokofu la kufaa kwa muda mrefu.

Njia ya tatu ndiyo inayozitesa kampeni. Kikasha cha muuguzi hakina umeme. Hutegemea pakiti nne za barafu zilizopangwa pembeni. Pakiti zinapotolewa kwenye jokofu la kugandishia huwa na baridi ya nyuzi nyingi chini ya sufuri. Zikitiwa ndani ya kikasha papo hapo, vichupa vinavyozigusa huganda. Kwa hivyo kanuni ni kuziweka mezani kwanza hadi zianze kuyeyuka. Kipimo chake ni sikio: mhudumu huitikisa pakiti, na akisikia maji yakichezacheza ndani, basi iko tayari. Garissa mchana hilo halichukui muda. Nyeri asubuhi ya Julai, huenda likachukua saa nzima au zaidi. Na bodaboda iko nje inanguruma, shule inayosubiri iko umbali wa kilomita kadhaa, na msimamizi amepiga simu mara mbili. Ni hapo hasa ambapo nguvu ya chanjo hupotea, katika ile saa moja ambayo hakuna aliyeitenga kwenye ratiba.

Isitoshe, barafu yenyewe ina hesabu. Pakiti huhitaji takriban saa 24 au zaidi ili kuganda barabara. Kituo chenye makundi matatu ya wachanjaji kinahitaji pakiti 12 zikiwa nje na nyingine 12 zikiwa ndani zinaganda kwa ajili ya kesho. Kituo kikiwa na kijokofu kidogo, siku ya tatu ya kampeni barafu huisha.

Upande wa vifaa nao una hesabu. Kundi linalotarajia watoto 200 wa chini ya miaka mitano kwa chanjo zote mbili linahitaji mabomba ya sindano 400. Ikiwa kichupa cha surua na rubela kina dozi 10, vitahitajika vichupa visivyopungua 20, chupa 20 za maji ya kuchanganyia kutoka kwa mtengenezaji yule yule, na mabomba mengine 20 ya kuchanganyia. Kasha la kutupia sindano hubeba takriban 100. Hivyo ni makasha matano. Kikikosekana kimoja tu, tuseme yale maji ya kuchanganyia, vichupa vyote vya poda havina maana, hata kama vimefika vikiwa na baridi ya kupigiwa mfano.

Poda ikishachanganywa, saa huanza kuhesabu. Baada ya saa sita, au siku ya kazi ikiisha kabla ya hapo, kilichobaki hutupwa, kwa maana hakina kinga dhidi ya bakteria. Uzito wa kanuni hii ulionekana Mei 2017 huko Kapoeta Mashariki, Sudan Kusini, eneo linalopakana na kaunti yetu ya Turkana. Watoto 15 walifariki baada ya kampeni ya surua. Uchunguzi ulibaini kwamba bomba moja la sindano lilitumiwa kwa siku zote nne, kwamba chanjo haikuwekwa kwenye baridi, na kwamba watu wasio na mafunzo, wakiwemo watoto, walifanya kazi ya kuchanja. Chanjo yenyewe haikuwa na kosa.

Kanuni hiyo ya saa sita huzaa tatizo jingine, na hapa nina maoni yangu. Katika manyatta yenye watoto watatu, muuguzi husita kufungua kichupa cha dozi 10, akijua saba zitamwagwa na ataulizwa. Baadhi huwaambia akina mama warudi siku ambayo watoto watakuwa wengi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaelekeza kichupa kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja, nami naona huo ndio uungwana. Dozi saba zina bei inayojulikana. Mama aliyetembea nusu siku akarudishwa bila huduma huenda asionekane tena, na surua haisubiri.

Yapo mambo yaliyobadilika. Majokofu ya mafuta ya taa, ambayo utambi wake ulihitaji kuangaliwa kama mgonjwa, yamekuwa yakiondolewa na mahali pake kuchukuliwa na yale ya nguvu za jua yasiyotumia betri. Haya huhifadhi baridi katika barafu yake ya ndani na yanaweza kustahimili siku tatu au zaidi bila jua la kutosha. Kuna pia vifaa vidogo vinavyokaa ndani ya jokofu na kunakili halijoto kila wakati, hivyo muuguzi anayefika Jumatatu anaweza kujua kilichotokea Jumamosi usiku. Vikasha vyenye ukuta wa ziada kati ya barafu na vichupa vimeanza kupatikana, ingawa ni vizito na hubeba kidogo.

Tangu ugatuzi wa mwaka wa 2013, serikali ya kitaifa hununua chanjo nazo kaunti husimamia zahanati na majokofu yaliyomo. Fundi wa majokofu ni mwajiriwa ambaye hapigwi picha. Siku ya kuzindua kampeni, viongozi hupanga foleni wapate kushikilia mtoto mbele ya kamera, na sisi wa magazeti huzichapisha picha hizo. Kipuri cha shilingi chache kikikosekana wiki inayofuata, jokofu hugeuzwa kabati la faili na habari hiyo haifiki kwenye meza yetu.

Mzazi naye ana haki ya kuuliza. Anaweza kuomba kuonyeshwa mraba kwenye kichupa kabla hakijafunguliwa. Kwa chanjo ya poda, kibandiko hicho huwa juu ya kifuniko na huondoka pamoja nacho. Hapo aulize kilifunguliwa saa ngapi. Saa hiyo inapaswa kuwa imeandikwa. Muuguzi anayejua kazi yake hatakasirika.

Siku ya kampeni haiishii kwa mtoto wa mwisho. Jioni kundi hurejea kituoni, vichupa ambavyo havikufunguliwa hukaguliwa mraba na kutiwa alama ili vitangulie kutumika kesho yake, makasha ya sindano hufungwa na kuwekwa kando yakingoja kuchomwa, nazo pakiti zilizoyeyuka hupanguswa maji na kurudishwa kwenye jokofu kabla ya taa kuzimwa.