Chanjo ya Corona: maswali ya wanamemba na namna ya kuamua



Katika mikutano yetu tunaongea juu ya mbegu, mbolea na bei ya maharagi. Lakini kila mara kuna mtu anayeinua mkono na kuuliza: «Na ile chanjo ya Corona, ninyi munasema nini?» Mara nyingine swali linakuja kisha mkutano, njiani, kwa sauti ya chini, kwani mwenye kuuliza anaogopa wengine watamcheka. Tumeona vema kulijibu katika gazeti hili. Shamba halilimwi na mgonjwa, na muzee akifa anaenda na mikono yake pamoja na yale yote aliyojua juu ya udongo wetu.

Hatutamlazimisha mtu. Tutasema yale tunayojua, tutaleta yale wanamemba wenyewe walituambia, na kila mmoja ataamua na jamaa yake.

Kwetu Corona ilikuja kwanza kama njaa

Mgonjwa wa kwanza katika inchi yetu alijulikana Kinshasa tarehe 10 Machi 2020. Mwezi ule ule masomo yalifungwa, Rais akatangaza hali ya hatari tarehe 24, na mpaka wa Ruzizi kati yetu na Rwanda ukafungwa. Wengi wenu munakumbuka: wachuuzi wa Bukavu hawakupanda tena kununua viazi na maharagi, na mama waliozoea kuvuka mpaka na vitunga vyao walikaa nyumbani bila kitu. Ndiyo maana mama mmoja alituambia: «Corona ya kwetu ilikuwa njaa. Ule ugonjwa wenyewe mi siukuuona.»

Maneno yake hayako bure. Huku kwetu hatukuona watu wakifa kwa wingi kama kule Ulaya. Moja ya sababu ni kwamba wakaaji wetu wengi ni vijana, na ugonjwa huu unakamata zaidi wazee. Lakini kuna sababu nyingine: vipimo vilikuwa vichache sana. Hata Bukavu mambo yalikuwa magumu. Daktari Mukwege wa Panzi, aliyepewa kazi ya kuongoza mapambano na Corona katika jimbo letu, aliacha kazi hiyo mwezi wa 6 mwaka 2020, na kati ya sababu alizotoa ni kwamba majibu ya vipimo yalikuwa yanachelewa sana. Kama Bukavu ilikuwa vile, muzee aliyekufa kwa kikohozi na kukosa pumzi huku milimani, nani alimpima? Alizikwa, watu wakasema ni baridi. Basi mtu asiseme kwa hakika kwamba ugonjwa haukufika kwetu.

Hofu ya watu ina mizizi yake

Kuna watu wanaofikiri kwamba anayekataa chanjo ni mjinga. Sisi hatusemi vile. Muzee mmoja wa kikundi cha viazi alitueleza hivi:

«Mi nilisikia ku radio na masikio yangu. Baganga babili ba Ufaransa basemeshana ku televizyo, banasema dawa baijaribie Afrika. Kisha wetu naye wa Kinshasa akasema Kongo iko tayari kwa majaribio. Sasa munanishika mukono munasema: kuya. Nikuye namna gani?»

Yale aliyosikia yalitokea kweli. Mwanzoni mwa Aprili 2020 waganga wawili Wafaransa waliongea vile ku televizyo, na watu wa Afrika nzima wakakasirika. Siku chache tu kisha, Profesa Muyembe, mkubwa wa mapambano na Corona katika inchi yetu, alisema Kongo inaweza kukubali majaribio ya chanjo. Watu walipolalamika, alieleza kwamba majaribio hayataanzia Kongo pasipo kufanywa kwanza fasi zingine. Lakini neno la kwanza ndilo lililobaki katika masikio.

Halafu chanjo yenyewe ikaja kwa kusitasita. Tarehe 2 Machi 2021 inchi yetu ilipokea dozi milioni 1,7 za AstraZeneca. Kabla hazijaanza kutumika, Ulaya wakasema kuna watu wachache walioganda damu kisha kuchanjwa, na Kinshasa ikasimamisha kwanza. Kazi ilianza tarehe 19 Aprili. Muda wa dozi zile ulikuwa karibu kuisha, na watu hawakujitokeza, basi kama dozi milioni 1,3 zikatolewa zipelekwe inchi zingine, kama Ghana na Madagaska. Huku watu wakasema: «Munaona? Hata bakubwa bamezirudisha.» Rais mwenyewe alisema wakati ule kwamba hajachanjwa, alichanjwa mwezi wa 9 mwaka 2021. Mwisho wa mwaka ule, katika Kongo nzima, waliochanjwa kamili hawakufika hata mtu 1 kwa 100.

Kwa hiyo ukimkuta jirani anaogopa, usimcheke. Muulize alisikia nini, na kwa nani.

Tumekwisha kuona chanjo nyingine hapa Mwenga

Tukumbuke pia mwezi wa 8 mwaka 2019. Ebola iliyokuwa inaua watu Beni na Butembo ilifika katika teritware yetu ya Mwenga. Maneno yaliyosemwa wakati ule ndiyo yale yale: ni biashara, ni sumu, ni kutumaliza. Lakini waliokuwa wamekaribia wagonjwa walichanjwa, na wale waliokuwa karibu nao pia, na ugonjwa haukupita kuenea katika Kivu ya Kusini. Kuchanjwa hakukuwa kazi peke yake. Kulikuwa pia kunawa mikono, kufuatilia waliomgusa mgonjwa, na kuzika kwa uangalifu. Chanjo ni jembe moja kati ya majembe mengine.

Chanjo inafanya nini mwilini

Wenye kufuga kuku watafahamu mbio. Munajua ule ugonjwa unaoingia katika kijiji na kumaliza kuku wote kwa juma moja, ule waganga wa nyama wanauita Newcastle. Kuku akikwisha kuugua, chanjo haimsaidii tena. Inafaa kumpa mbele, akiwa mzima, ili mwili wake ujifunze kumjua adui kabla hajafika. Na baada ya miezi 3 ao 4 inafaa kurudilia, kwani mwili unasahau.

Ya Corona ni vile vile. Haiko dawa ya kuponya mgonjwa. Inafundisha mwili. Nayo pia nguvu yake inapungua kwa muda, ndiyo maana wengine wanaambiwa warudi kwa dozi ya kuongeza. Na tuseme ukweli wote: mtu aliyechanjwa anaweza bado kukamatwa na Corona, na anaweza kuambukiza wengine. Faida kubwa ya chanjo ni kwamba akikamatwa, hatari ya kufika hospitali ao kufa inapungua sana. Mtu akikuahidi kwamba ukichanjwa hautaugua kamwe, huyo amezidisha.

Wengine wanauliza: «Kwa nini ilipatikana mbio vile, na malaria tumeingoja miaka?» Swali zuri. Pesa ilitoka nyingi kwa mara moja, kwani matajiri nao walikuwa wanakufa. Tena wenye elimu hawakuanzia sifuri: virusi vya jamaa moja na hiki walikuwa wanavichunguza tangu ugonjwa wa SARS wa mwaka 2003. Na majaribio yalifanywa kwa makumi ya maelfu ya watu, wengi wao wakiwa Ulaya na Amerika, kabla ya dozi kufika kwetu.

Juu ya uzazi: chanjo hizi haziharibu uzazi wa mwanamume wala wa mwanamke. Mwenye mimba aseme hali yake kwa muganga, ashauriwe.

Waliokwenda na waliobaki

Mama mmoja mwanamemba, mwenye ugonjwa wa tansio, alitusimulia:

«Mi niliendaka ku santre na bamama babili. Bwana yangu alikuwa amekataza, nikamwambia naenda kupima tansio. Bakanichanja. Usiku homa ikanikamata, mwili yote inauma, mukono hauinuke. Bwana akanikalia pembeni mupaka asubui, nikamwambia kweli. Hakukasirika, alikuwa na woga tu. Siku ya pili homa ikapunguka, ya tatu nikashika jembe. Kisha juma mbili, yeye mwenyewe akaniuliza: inaumaka sana?»

Papa mmoja anayechimba zahabu siku zingine na kulima siku zingine alienda kwa sababu nyingine: alitaka kadi, kwani alisikia itaombwa safarini. Hakuona homa yoyote, ila maumivu ya mkono. «Sikuenda juu ya afya,» alisema akicheka, «lakini afya nayo imo ndani.»

Yule muzee wa kikundi cha viazi alichukua miezi. Kilichomgeuza hakikuwa radio wala mabango. Alienda kwa muganga wa santre, yule yule aliyechanja watoto na wajukuu wake surua, akamuuliza: «Wewe mwenyewe ulichanjwa? Na mama yako?» Muganga akamwonyesha kadi yake, akamwambia mama yake pia alichanjwa, na kwamba alilala na homa siku moja. Muzee akarudi nyumbani, akafikiri siku tatu, kisha akaenda.

Kuna pia mama kijana ambaye mpaka leo amekataa. Anasema: «Niko na miaka 24, sina ugonjwa, ninangoja nione.» Tunamheshimu. Hatari yake kweli ni ndogo kuliko ya muzee wa miaka 65. Tulimwambia neno moja tu: nyumbani kwake analala na bibi yake mwenye sukari, na hata kama yeye hataki, bibi apewe nafasi ya kusikia na kuchagua mwenyewe.

Maswali matano kabla ya kuamua

Munapochagua mbegu mupya hamuulizi paka sura yake. Munauliza imetoka wapi, nani alikwisha kuipanda, na kama mvua ikikosa itakuwaje. Fanyeni vile vile na chanjo:

1. Hatari yangu ni gani? Mwenye miaka zaidi ya 60, mwenye tansio, sukari, ugonjwa wa moyo ao wa mapafu, huyo anapata faida kubwa zaidi. Akawie kidogo tu.

2. Nani ananiambia? Sauti iliyotumwa ku WhatsApp bila jina haina mwenyewe wa kujibu ukiwa na swali. Muganga wa santre yuko na mlango, utamkuta kesho.

3. Ni chanjo gani, na dozi ngapi? Ya Johnson & Johnson dozi moja ilitosha kwa kuanza; AstraZeneca, Pfizer na Moderna zilitaka mbili. Uliza tarehe ya kurudi.

4. Inaweza kunifanya nini? Wengi wanapata maumivu ya mkono, homa, kuchoka ao kuumwa kichwa kwa siku 1 ao 2. Kuganda kwa damu kunaweza kutokea, lakini ni mara chache sana: kwa AstraZeneca, Uingereza walihesabu kama mtu 1 ao 2 kwa kila watu 100 000. Kama kati ya siku ya 4 na juma la 4 unaona kichwa kinauma sana bila kuacha, pumzi inakosa, tumbo linauma bila kuisha, ao muguu unavimba, kimbia hospitali na useme kwamba ulichanjwa.

5. Nani atanisaidia siku ile? Usiende kuchanjwa kesho yake ukiwa na kazi kubwa ya kupanda. Chagua siku ambayo unaweza kupumzika siku mbili zinazofuata. Kunywa maji, na paracetamol inasaidia homa.

Tena musisahau: chanjo hii ni ya bure. Mtu akikuomba franka, usitoe, na ujulishe komite ya afya. Kadi uifunge vizuri katika plastiki, pamoja na ile ya watoto.

Katika koperative zetu

Kwa upande wetu, hakuna mwanamemba atakayeombwa kadi ya chanjo ili apate mbegu, jembe ao mkopo. Na hakuna atakayeitwa «aliyeuzwa» kwa sababu alichanjwa. Maneno yale mawili yameanza kusikika katika vikundi fulani, na yanaharibu. Tumeona watu waliolimiana miaka kumi wakianza kukaa benchi mbalimbali juu ya sindano.

Tunaomba kila komite, mbele ya kupanda kwa msimu A, imwalike muganga wa santre iliyo karibu katika mkutano mmoja. Mumpe saa moja. Mumuulize yote, hata yale yanayoonekana kuwa ya haya. Asipojua jibu, aseme hajui na alitafute. Wazee wenye kuchoka kutembea muwaandikie majina, ili muganga ajue nani anataka afikiwe nyumbani. Mwenye kutaka ataenda, mwenye kukataa atabaki, na siku ya kulima tutakuwa wote katika mustari mmoja.