Kiraka Juu ya Kiraka: Udhaifu wa Seva ya Apache wa Mwaka 2021

Mtu anapofungua tovuti kwenye simu yake, ombi lake husafiri hadi kwenye kompyuta nyingine, huenda ikawa maelfu ya kilomita kutoka alipo, na huko hupokewa na programu ambayo kazi yake ni kusoma anwani iliyoombwa, kutafuta faili inayohusika na kuirudisha kwa mwombaji. Programu hiyo huitwa seva ya wavuti, na mojawapo ya zile zilizoenea zaidi duniani ni Apache HTTP Server, iliyoanzishwa mwaka 1995 na kundi la wasimamizi wa tovuti waliokuwa wakibadilishana marekebisho ya programu ya awali iliyotoka katika kituo cha NCSA cha Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani. Marekebisho ya aina hiyo huitwa viraka, yaani vipande vya msimbo vinavyoziba kasoro bila kuiandika programu yote upya. Ni haki kusema kwamba Apache ilizaliwa na viraka, na yaliyoipata mwaka 2021 yanaonyesha vizuri jinsi kazi ya kutia kiraka ilivyo ngumu hata mikononi mwa watu wenye uzoefu wa miaka mingi.

Mnamo Septemba 2021 lilitolewa toleo la 2.4.49, ambalo liliziba udhaifu kadhaa wa matoleo yaliyotangulia, ukiwamo mmoja uliomwezesha mshambuliaji kuilazimisha seva ipeleke maombi mahali alipotaka yeye. Msimamizi mwangalifu alikuwa na kila sababu ya kulisakinisha mapema. Hata hivyo, ndani ya toleo hilohilo lililoleta tiba, sehemu ya msimbo inayosafisha njia za faili ilikuwa imebadilishwa, na badiliko hilo likafungua tundu ambalo matoleo ya zamani hayakuwa nalo.

Ili kulielewa tundu hilo, ni lazima kwanza kujua kwamba faili za kompyuta hupangwa katika folda zilizomo ndani ya folda nyingine, na kwamba nukta mbili zikifuatwa na mkwaju katika njia ya faili huwa ni agizo la kupanda hadi kwenye folda ya juu. Tovuti huwekewa folda yake maalumu, na mgeni hapaswi kutoka nje yake. Lakini akiruhusiwa kurudia nukta mbili mara kadhaa, atapanda hadi kwenye mzizi wa mfumo mzima, kisha atashuka kwenye faili yoyote aitakayo, kama ile ya /etc/passwd inayoorodhesha watumiaji wa kompyuta ya Linux. Kwa sababu hiyo kila seva hukagua anwani na kuziondoa nukta hizo kabla ya kufungua faili.

Ugumu unatokana na kanuni nyingine ya intaneti, inayoruhusu herufi yoyote katika anwani iandikwe kwa alama ya asilimia ikifuatwa na namba yake, ambapo nukta huandikwa %2e. Msimbo mpya wa toleo la 2.4.49 uliifasiri anwani herufi baada ya herufi, na ulipokutana na nukta ulitazama kama herufi inayofuata nayo ni nukta; lakini wakati huo nukta ya pili, ikiwa imeandikwa %2e, ilikuwa bado haijafasiriwa. Mgeni aliyeandika .%2e/ alipita bila kuzuiwa, kama mtu aliyekatazwa getini kwa jina lake halisi akaingia kwa jina la utani.

Kasoro hiyo iliripotiwa kwa wasimamizi wa mradi wa Apache tarehe 29 Septemba, na tarehe 4 Oktoba likatoka toleo la 2.4.50 likiwa na kiraka, pamoja na tangazo kwamba udhaifu huo ulikuwa tayari unatumiwa na washambuliaji. Hapa pana jambo ambalo watu wengi hawalifikirii: Apache ni programu huria, ambayo msimbo wake husomwa na yeyote, na kwa hiyo kiraka kinapotolewa humwonyesha fundi mahali pa kuziba na, kwa saa ileile, humwonyesha mshambuliaji mahali palipo wazi. Muda si muda watafiti walionyesha kwamba, pale ambapo sehemu iitwayo mod_cgi imewashwa, tundu hilo halikuishia kwenye kusoma faili, bali lilimwezesha mtu wa mbali kuendesha amri zake ndani ya seva.

Kiraka chenyewe kilikuwa na upungufu. Kiliongeza ukaguzi wa nukta ya pili iliyofichwa kwa %2e, lakini hakikuzingatia kwamba anwani hufasiriwa tena katika hatua ya baadaye. Mshambuliaji aliyeandika %%32%65 aliifanya hatua ya kwanza itoe %2e, na hatua ya pili ikaigeuza kuwa nukta baada ya ukaguzi kumalizika. Udhaifu wa kwanza ulisajiliwa kwa namba CVE-2021-41773 na wa pili kwa CVE-2021-42013, na tarehe 7 Oktoba, siku tatu tu baada ya kiraka cha kwanza, likatolewa toleo la 2.4.51. Kufichwa mara mbili ni hila ya zamani, na kosa la kuziba umbo moja la shambulio badala ya chanzo chake linastahili kukumbukwa na kila mwandishi wa programu.

Si kila aliyekuwa na toleo lenye tundu hilo aliyedhurika. Mipangilio ya kawaida ya Apache huwa na agizo la Require all denied kwa mzizi wa mfumo, linalokataza kila kitu ambacho hakikuruhusiwa waziwazi, na palipokuwa na agizo hilo nukta zilipita lakini faili hazikufunguka. Wateja wa Red Hat nao hawakuguswa, kwa kuwa kampuni hiyo huchukua marekebisho ya usalama peke yake na kuyapandikiza katika toleo la zamani lililokwisha kujaribiwa. Ndiyo maana namba ya toleo pekee haitoshi kuonyesha kama seva ni salama au la. Anayeona katika haya sababu ya kutosasisha amekosea sana, kwa sababu aliyebaki na 2.4.48 alibaki na matundu yale ambayo 2.4.49 ilikuja kuyaziba.

Kusakinisha toleo jipya hakumalizi kazi. Programu inayoendelea kukimbia hutumia msimbo uliokwisha kupakiwa katika kumbukumbu, hivyo seva isipowashwa upya hubaki na tundu lake ingawa faili zilizo kwenye diski ni mpya. Isitoshe, kiraka hakimtoi aliyekwisha kuingia. Msimamizi hana budi kusoma kumbukumbu za maombi na kutafuta anwani zenye .%2e au %%32%65, kisha kuangalia jibu lililotolewa: 403 maana yake mgeni alikataliwa, na 200 maana yake alipewa alichoomba. Amri zilizotumwa ndani ya mwili wa ombi kwa kawaida haziandikwi humo, na kwa hiyo jibu la 200 kwa ombi lililoelekezwa kwenye programu ya mfumo linatosha kuihesabu kompyuta hiyo kuwa imevamiwa, kubadilisha nywila na funguo zote zilizokuwamo, na kuijenga upya kutoka kwenye nakala iliyohifadhiwa kabla ya tarehe ya ombi hilo.