NOTA ZILIZO NJE YA MISTARI MITANO

Askari wengi huijua sauti ya buruji kabla ya kuijua nota hata moja. Buruji huwaamsha alfajiri, huwaita kwenye gwaride, na huwasindikiza wenzao kaburini. Chombo hicho hakina vitufe, na milio yake ya kawaida ni mitano tu: do, sol, do, mi na sol. Katika ufunguo wa sol, milio minne ya juu huandikwa bila taabu, na ile ya mwisho huketi juu ya mstari wa tano. Lakini do ya chini haina nafasi humo. Hiyo huandikwa chini ya mistari, ikiwa imekatwa na kistari kifupi cha nyongeza.

Katika karne ya 11, mtawa wa Italia, Guido d'Arezzo, alieneza uandishi wa nyimbo za kanisa juu ya mistari, na mistari minne ilitosha kwa sauti za waimbaji. Vyombo vya muziki vina upana mkubwa zaidi. Hata hivyo mistari haikuzidishwa, kwa kuwa jicho hutambua mitano mara moja, ilhali kumi hulazimu kuhesabu. Kwa hiyo nyongeza hupewa nota inayoihitaji peke yake, kisha huachwa.

*Kanuni za mwandishi*

Umbali kati ya vistari uwe sawa na ule wa mistari mitano. Kila nota ipewe vistari vyake, visiunganishwe na vya jirani. Wala kistari kisiwekwe ng'ambo ya nota. Vyote vikae kati yake na mistari mitano.

Kanuni hizi si urembo. Kistari kimoja kikizidi juu, la hugeuka do. Mpiga tarumbeta anayesoma kikaratasi huku akitembea juani hana nafasi ya kuuliza. Atapiga alichoandikiwa, na bendi nzima itaaibika kwa kosa la kalamu.

*Njia ya kukumbuka*

Katika ufunguo wa sol, do hukaa kwenye kistari cha kwanza chini na cha pili juu. Katika ufunguo wa fa mambo hupinduka: do hukaa kwenye cha kwanza juu na cha pili chini. Anayeshika alama hizo nne hahitaji kuanza kuhesabu upya.

Vistari vikizidi mno, huandikwa alama ya 8 juu ya nota, na mpigaji hupandisha sauti kwa oktavu moja. Filimbi ndogo, pikolo, nota zake zote huandikwa oktavu moja chini ya sauti inayosikika, ili msomaji asipotee katika vistari.

Mtoto anayejifunza nyumbani na aanze kwa penseli na rula, akiandika do hizo nne kila jioni. Mkono uliozoea usahihi mezani hautaiponza bendi uwanjani.