Gari Litabaki Wapi? Kupanga Maegesho na Usafiri wa Matembezi ya Siku Moja

Wengi wetu tumewahi kutembea porini siku nzima bila kupenda, mizigo kichwani na watoto mgongoni. Hapa Sydney watu hutembea porini Jumamosi kwa hiari yao, na jioni hurudi nyumbani kuoga na kula. Huenda jirani, mwalimu wa mtoto au ndugu wa kanisani au msikitini ameshakualika. Kinachowasumbua wengi si nguvu za miguu, bali swali hili: njia inaanzia hapa na kuishia kule, sasa gari litabaki wapi, na tutarudi vipi?

Jambo hili lipangwe mapema. Familia isiyolipanga hujikuta jua linazama, watoto wamechoka, na gari liko upande wa pili wa mlima. Wahenga walisema kutangulia si kufika.

Njia isiyozunguka

Bustani nyingi za mjini zina vijia vya mviringo: unatoka kwenye gari na kurudi kwenye gari. Njia ndefu haziko hivyo. Mfano ni Great North Walk, iliyofunguliwa mwaka 1988. Inaanzia Macquarie Place katikati ya Sydney na kwenda hadi Newcastle, kama kilomita 250. Hakuna anayeimaliza kwa siku moja, lakini unaweza kutembea kipande chake kimoja tu. Kila kipande kina mwanzo na mwisho, na mwisho wake uko mbali na mwanzo.

Zipo namna nne za kulitatua hilo.

1. Treni pande zote mbili

Hii ndiyo rahisi kuliko zote, hasa kwa familia isiyo na gari. Reli ya Central Coast inapita karibu na Great North Walk katika vituo kadhaa. Kipande kinachojulikana sana ni cha kutoka kituo cha Cowan hadi kituo cha Hawkesbury River, kilichoko Brooklyn. Ni kama kilomita 13, na mtu mzima mwenye afya hutumia saa 5 hadi 7 kwa sababu ya mipando na miteremko. Anzia Cowan, si Brooklyn. Cowan iko juu mlimani na Brooklyn iko kando ya maji, kwa hiyo treni ndiyo inayokupandisha mlima.

Mkiwa na watoto wadogo, msimalize kipande chote. Shukeni kutoka Cowan hadi Jerusalem Bay, mle chakula kando ya maji, kisha mrudi Cowan kwa njia ileile. Hapo hamhitaji mpango wowote wa magari. Kumbukeni tu kwamba mlipoteremka asubuhi ndipo mtakapopanda mchana.

Anayetoka Blacktown au Mount Druitt anaweza kubadilisha treni Strathfield. Angalia kwamba treni utakayopanda inasimama Cowan, kwa kuwa zile za haraka hupita bila kusimama. Vituo vidogo vya reli hii vina majukwaa mafupi, kwa hiyo sikiliza tangazo linalosema ni mabehewa gani ya kushukia.

Kuhusu nauli: ukitumia kadi ya Opal, kuna kikomo cha malipo kwa siku, na kikomo hicho ni cha chini zaidi Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu za umma. Watoto wa miaka 4 hadi 15 wawe na Opal ya mtoto. Ukimgusia mtoto kadi ya benki, atatozwa nauli ya mtu mzima.

Mwishoni mwa juma reli hufungwa mara kwa mara kwa matengenezo na mabasi huchukua nafasi ya treni. Siku moja kabla ya safari, angalia tovuti ya transportnsw.info au piga simu 131 500.

2. Gari mwishoni, treni kwanza

Kama una gari, usiliache mahali unapoanzia kutembea. Liache mahali utakapomalizia. Kwa mfano, endesha hadi Hawkesbury River, egesha, panda treni kituo kimoja hadi Cowan, kisha tembea kurudi kwenye gari lako.

Asubuhi una nguvu na unajua saa ya treni. Jioni umechoka, mtoto amepata lengelenge, na hujui utafika saa ngapi. Gari likikungoja mwishoni, huna haja ya kukimbizana na ratiba. Isitoshe, maji, nguo kavu na chakula kingine vinawasubiri humo. Vitu vya thamani visiachwe mahali panapoonekana kupitia dirishani.

3. Magari mawili

Pasipo na treni, familia mbili zisaidiane. Katika Royal National Park, kusini mwa Sydney, kuna njia ya pwani inayoitwa Coast Track, kilomita 26 kati ya Bundeena na Otford. Garie Beach na Wattamolla ziko kwenye njia hiyo, na zote zina maegesho. Gari hulipiwa ada ya siku kuingia katika hifadhi hii, na malango ya barabara hufungwa usiku. Siku za joto Wattamolla hujaa mapema.

Tuseme mko watu 10, wenye gari moja la viti 7 na jingine la viti 5. Wote mnafika Garie na kushusha abiria. Madereva wawili wanapeleka magari yote mawili Wattamolla, wanaliacha lile la viti 7, na kurudi pamoja Garie kwa lile la viti 5. Kisha wote mnatembea. Mkifika Wattamolla, madereva wanachukua gari la viti 7 kwenda kulileta la pili. Kama barabara inachukua nusu saa kila upande, wengine watangoja saa nzima asubuhi na saa nzima jioni. Saa hizo mbili ziwekwe kwenye hesabu tangu mwanzo, na watoto wabaki na mtu mzima wakati wote wa kungoja.

Kosa linalowapata wengi ni hili: ufunguo wa gari lililo mwisho unasahaulika ndani ya gari lililo mwanzo. Kabla ya kupiga hatua ya kwanza, kila dereva atoe ufunguo mfukoni na kuuonyesha.

4. Vikundi viwili na funguo mbili

Kikundi kimoja kinaanzia upande huu, kingine upande ule. Mnakutana katikati, mnakula pamoja, mnabadilishana funguo, na kila kikundi kinarudi na gari la mwenzake. Hakuna anayengoja. Lakini kila dereva lazima aruhusiwe na bima kuendesha gari la mwenzake, na magari yote yawe na viti vya watoto vinavyotosha. Pia lazima vikundi vikutane kweli, kwa hiyo chagueni mahali pasipoweza kukosewa, na kila upande ubebe ufunguo wa akiba wa gari la mwenzake.

Hesabu viti kabla ya watu

Huku kwetu mtoto mmoja zaidi alipakatwa na mama. Hapa haiwezekani. Kila mtu awe na kiti chake na mkanda wake. Mtoto asiyefikisha miaka 7 awe katika kiti cha mtoto kilichoidhinishwa kwa umri wake, na asiyefikisha miezi 6 aelekee nyuma. Tangu Julai 2024, kamera za barabarani za NSW zinaangalia mikanda pia, na dereva huadhibiwa kwa kosa la abiria wake.

Kwa hiyo mnapopanga magari mawili, jiulizeni viti vya watoto viko kwenye gari gani. Vikibaki mwanzoni, mtoto hawezi kuondoka mwishoni.

Kikundi kikitaka kuazima basi dogo, angalieni leseni. Leseni ya kawaida ya gari inaruhusu gari lenye viti visivyozidi 12, pamoja na cha dereva. Zaidi ya hapo dereva anahitaji leseni ya daraja la juu zaidi. Akiendesha bila hiyo, bima inaweza kukataa kulipa ajali ikitokea.

Kusoma mabango ya maegesho

Bango la "2P" maana yake saa 2 tu, katika siku na saa zilizoandikwa chini yake. Matembezi ya saa 6 hayaingii hapo. Nje ya saa hizo, kikomo hicho hakitumiki.

Bango la "No Parking" linakuruhusu kushusha watu kwa dakika 2, bila kwenda zaidi ya mita 3 kutoka kwenye gari. Bango la "No Stopping" halikuruhusu kusimama hata kidogo.

Usiegeshe kwenye majani yaliyo kati ya barabara na nyumba za watu, wala gari lisielekee kinyume na magari yanayopita upande huo. Faini moja inaweza kuzidi dola 100. Ukipata barua ya faini usiifiche kabatini: Revenue NSW hukubali kulipwa kidogo kidogo ukiomba mapema.

Saa za jua na mpango wa dharura

Mwezi Juni jua la Sydney huzama kabla ya saa 11 jioni. Desemba huzama karibu na saa 2 usiku. Hesabu kurudi nyuma: wakati wa baridi, ukitaka kumaliza saa 9 alasiri na njia ni ya saa 6, uwe umeanza kutembea saa 3 asubuhi. Muda wa kupanga magari uwe umekwisha kabla ya hapo.

Asubuhi ya safari, angalia tovuti ya National Parks kama njia imefungwa kwa moto au mafuriko. Mwachie mtu wa nyumbani karatasi yenye mambo manne: mnaanzia wapi, mnamalizia wapi, gari liko wapi na namba yake, na saa ambayo asipowasikia apige simu. Mabondeni simu hukosa mtandao, kwa hiyo msitegemee kumpigia dereva awafuate.

Mtu akiumia, piga 000 na useme "Ambulance". Kama Kiingereza ni kigumu, sema "Swahili" na uombe mkalimani. Kwa mambo yasiyo ya dharura, huduma ya ukalimani ya serikali inapatikana kwa 131 450.

Safari ya kwanza iwe fupi: Cowan hadi Jerusalem Bay na kurudi, kwa treni, na chapati mkobani. Mkishaizoea, itakuwa rahisi kupanga ile ya magari mawili.