Kazi ya Kondensa katika Motokaa ya Zamani

Wakati wa likizo motokaa ya babu ilikataa kuwaka. Ni Peugeot 404 ya mwaka 1968, aina ile iliyoshinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Fundi wa kwanza alisema koili imekufa. Babu akanunua mpya kwa fedha nyingi, na motokaa isiwake. Fundi wa pili, mzee sana, alifungua kifuniko cha distributa, akaona pointi zimeungua, nyeusi kama mkaa. “Si koili hii, mjukuu wangu,” akaniambia, “ni kondensa.” Nikamwomba anieleze.

Betri hutoa volti 12 tu, nazo haziwezi kurusha cheche katika plagi. Ndani ya koili mna nyaya mbili: mmoja mnene wenye mizunguko michache, na mwingine mwembamba wenye mizunguko maelfu mengi. Pointi zikigusana, umeme hupita katika waya mnene na kufanya nguvu ya sumaku. Pointi zikiachana, sumaku hiyo hutoweka, na kutoweka kwake huzaa maelfu ya volti katika waya mwembamba. Lakini sharti itoweke ghafla!

Hapo ndipo penye taabu. Pointi zinapoanza kuachana, nafasi iliyopo ni ndogo kuliko unene wa unywele, na umeme huiruka kwa cheche. Basi sumaku hufifia polepole, plagi hupata cheche dhaifu au hukosa kabisa, na pointi huungua.

Kondensa ni kikopo kidogo kama kipande cha kidole. Ndani mna tepe mbili nyembamba za madini, zilizotengwa kwa karatasi isiyopitisha umeme, zikakunjwa pamoja kama mkeka. Pointi zikiachana, umeme hukimbilia humo badala ya kuruka, hata nafasi iwe pana ya kutosha. Wengi hudhani kondensa huzilinda pointi tu. Kumbe bila yake hata cheche ya plagi haina nguvu. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kazi hiyo hufanyika mara 100 kila sekunde.

Mzee alitia kondensa mpya, akasafisha pointi, akairudisha koili ya zamani. Motokaa ikawaka mara moja. Koili mpya ingali sandukuni, na babu hapendi kuulizwa bei yake.